Dawa ya Ng'ombe Usimpake Paka

Mjukuu wangu, mume wangu Daudi,

Marahaba. Hapa Kintinku tuko salama. Mama yako mdogo amejifungua binti, na uwele umetoa masuke.

Umeniuliza kama umwogeshe paka wako mwenye upele kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, eti jirani yako kakushauri. Mwambie huyo jirani akome!

Nilipokuwa msichana, mjomba tuliyeishi naye alirudi kuogesha ng'ombe joshoni na dawa iliyobaki, akammwagia paka wetu aliyenyonyoka manyoya masikioni. Hakujiuliza kama ni upele, fangasi au viroboto. Ng'ombe hajilambi mwili mzima, paka kutwa anajilamba! Jioni alikuwa anatetemeka, mate yanamtoka. Asubuhi tukamkuta amekufa. Mjomba akasema, "Si paka tu?" Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Amkwangue ngozi aone kuna nini, ndipo atoe dawa ya paka.

Mwaka ule, baada ya mavuno, panya walitoboa magunia ya uwele ya mjomba. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nikamwambia mbele yao, "Si panya tu, mjomba?"

Nilichapwa, lakini nilikuwa nimeshasema.

Bibi yako, Mariamu