Mshale wa Ngusa

Noela mwenzangu, kaka yangu Ngusa kidogo aue mtu leo.

Ule ubao wake wa taa pale duarani, kwenye shimo letu la kuchimbia. Mchimbaji akibonyeza kule chini, mshale unawaka huku juu kumwambia Onesmo wa winchi avute kamba au ashushe.

Ubao ulifungwa kiubavu, basi jana Ngusa akaandika upya asembli, yaani programu ya kile kichipu, ili azigeuze biti, mistari ya kulala iwe ya kusimama. Akaujaribu kwa alama ya X, ikatokea safi. X jamani. Hata ukiipindua miguu juu ni X ileile.

Leo maji yameingia duarani, Bujiku aliyekuwa kule chini akabonyeza avutwe. Mshale ukaelekea chini. Onesmo akashusha. Bujiku akabonyeza tena, Onesmo akashusha tena, kamba inamrundikia kichwani. Ile kengele ya zamani ya kumwashiria Onesmo, Ngusa mwenyewe aliing'oa, eti imepitwa na wakati.

Ametolewa maji yamefika kidevuni, na ni kwa sababu kuna mtu alisikia makelele. Bujiku akamwambia Ngusa neno moja tu: "Nilikuamini." Nilikuamini, Noela.

Tangu hapo Ngusa amekaa kwenye vumbi anarudia, "Nilizigeuza biti, nikasahau kuzianzia upande wa pili, juu ikawa chini."

Ngoja, ananiambia kitu.

Noela, anasema asubuhi aliweka programu hiyohiyo kwenye ubao wa duara lenu. Nakupigia hupokei. Baba yako ameshashuka?