Pua Haiachii

Shoga, uko wapi? Mama mkwe nusura auawe na mwanawe wa kumzaa.

Unaikumbuka ile roketi ya shemeji yako? Ile ya kuchezea, ya kuunganisha mwenyewe, yenye mabawa kama chombo cha miaka mia ijayo? Leo mchana kairusha. Uani kwetu!

Karatasi ya maelekezo nilimsomea mimi, kwa sauti: "Pua isipakwe gundi. Roketi ikifika juu, pua inachomoka, parachuti inatoka." Akacheka. Eti, "Mimi seremala miaka ishirini, hakuna kazi yangu inayochomoka." Akaipaka gundi! Gundi ya makabati!

Kabonyeza kitufe, ikapaa, sikatai. Akawa anajipigia makofi peke yake kama juha. Mara ikageuka, inarudi. Parachuti ng'o! Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka kwake, alikuwa amekaa kivulini, ndiyo kwanza ameinuka kufuata miwani ndani, ili amwone mwanawe vizuri. Pah! Kiti cha plastiki kimetobolewa katikati, pale pale alipokuwa amekaa.

Pale pale, shoga!

Nikadhani bwana mkubwa atapiga magoti. Wapi! Kaichomoa kitini, kaifuta vumbi, kaitikisa ile pua, halafu ananionyesha kwa majivuno: "Umeona? Haijaachia hata kidogo."

Mama mkwe kasimama mlangoni na miwani yake. Kakitazama kiti, kamtazama mwanawe, kisha kanishika mkono mimi.

"Pole, mwanangu. Kwangu angalau alihama."