Maganda ya Vitunguu

6 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ukiacha goti langu la kushoto, lililojiuzulu bila kuniaga. Wewe na kazi yako ya kufua mashuka ya hospitali mnaendeleaje? Simu hupokei, kundi la familia umetoka, basi nimerudi kwenye kalamu. Ukiona mwandiko umelala, jua na mwenyewe nilikuwa nasinzia.

Nimeanza shule, usicheke. Kila Jumanne, kwenye maktaba ya umma, mkutubi anatufundisha wazee kuchunguza habari za kwenye simu: nani kaandika, lini, ushahidi uko wapi. Tuko tisa, na meno yetu yote hayafiki sitini. Nilikwenda kwa kukosa wa kuzozana naye. Tangu mama yako afariki sisikii utamu wala uchungu. Namaliza chai ndipo nagundua sikutia sukari.

Tumepewa kazi: kila mtu achague ujumbe mmoja aliouamini, aufuate nyuma, mtu kwa mtu, hadi ulikoanzia. Nimechagua ule uliomfanya mama yako aache vidonge vya presha.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Kazi ipo. Mashuka mia nne kwa zamu. Sifikirii kitu, na ndivyo napenda. Goti lichue kwa maji ya moto.

Huo ujumbe unaufuatia nini? Shangazi ndiye aliyemletea mama. Julai nakuja kujengea kaburi, na sitaki kumkuta hapo nyumbani. Chagua, baba: dada yako au mimi.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima. Shangazi yako nilimsomea barua yako, akafunga mizigo. Hakujitetea. "Kaka, mtoto ana haki. Mkono uliotuma ni wangu." Nikamwambia asubiri nimalize kazi ya shule.

Yeye aliupata kwa muuza maziwa. Muuza maziwa kwa kinyozi. Kinyozi alinizungusha wiki nzima, ati simu mbovu, kumbe anaogopa nisije nikaona mengine yake. Yeye aliupata kwa fundi saa, rafiki yangu. Na kila niliporudi nyuma, ujumbe ulikuwa umepungua kitu: kwa muuza maziwa haukuwa na muhuri wa hospitali, kwa kinyozi haukuwa na picha ya profesa.

Fundi saa alivaa miwani, akatafuta. Akanipa simu. "Mzee mwenzangu, soma mwenyewe."

Mwaka juzi alikuwa akilalamika vidonge vyake vya presha vinamkimbiza chooni. Mtu akamwandikia: "Profesa wa moyo anasema chemsha maganda ya vitunguu, kunywa siku ishirini, vidonge wape kuku." Mtu huyo ni mimi. Nilitaka acheke. Akacheka, akawatumia wengine nao wacheke. Sijui walifika wapi wakaacha kucheka.

Ulipomfikia mama yako, kuku walishaondolewa, hospitali imeongezwa. Aliusoma kwa sauti, mimi nikiwa mezani. Sikuutambua. Nikamwambia, "Profesa mzima atadanganya?" Maganda nilimchemshia mimi, siku zote ishirini.

Nimeyasema haya darasani. Mkutubi akaniletea maji. Nilingoja nilie, wapi.

Shangazi yako amefungua mizigo. Julai ukija, wa kutoka nyumbani ni mimi.

Baba yako

26 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi nipo.

Jana ilikuja barua yenye mwandiko wako. Nikaipokea kwa mikono miwili, kumbe jina juu ni la shangazi yako. Aliisoma jikoni, kisha akanipa. Kurasa tatu. Unamwomba radhi, unamuuliza miguu yake inavimba bado, unauliza nani anamchotea maji. Mimi simo. Nimesoma mara mbili, hata nyuma ya karatasi.

Sikulaumu. Fundi saa amenipa chumba, na saa zake zote zinasema muda tofauti, naamka nipendapo. Shangazi yako analeta chakula, tunakula pamoja.

Makaburini nimeng'oa majani. Mafundi watakuja tarehe tano asubuhi, wewe uchague maneno ya kuandika. Mlango wa nyuma unakwama siku hizi. Usivute kitasa, sukuma kwa bega.

Baba