Mama, Dawa ya Mgongo Sina

Uingereza, wakati wa baridi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe na nyumba nzima ya Chumbi. Mguu wako wa kushoto nauulizia peke yake, maana habari zake nimezipata. Usimgombeze Mwanaidi. Dada yangu huyo ndiye anayekusomea na kukuandikia, na safari hii ameniandikia hata yale usiyomtuma.

Mimi mzima, ila baridi imenikondesha. Nalala na soksi mbili mbili. Wali wa huku, mama, wanauchemsha ndani ya mfuko! Ungeuona ungewahurumia.

Kazi ni ile ile ya maabara. Kila Jumatatu naenda machinjioni kuchukua mikia ya ng'ombe. Cheka tu. Mkia una pingili kama uti wa mgongo wetu, na kati ya pingili na pingili kuna kitu laini chenye majimaji, kinaitwa diski, kinachozuia mifupa isisagane. Katikati yake hamna mshipa wa damu hata mmoja. Chakula kinaifikia kwa kupenya polepole kutoka mfupani. Sisi tunataka kujua inakula nini na inatoa taka gani. Basi tunachomeka humo mrija mwembamba kama uzi, tunapitisha maji ya chumvi taratibu mno. Ngozi ya mrija huo inafanya kazi kama kifumbu chako cha tui: sukari na asidi zinapenya, vikubwa vinabaki nje. Upande wa pili nakinga tone moja moja, napima. Kutwa nzima sijazi kijiko cha chai.

Sasa Mwanaidi, hapa usiruke neno.

Mama, mfungo uliopita nilikuandikia kwamba tunatengeneza dawa ya mgongo. Nilitaka sifa. Niliogopa wenzio wakisikia mwanao kavuka bahari kwenda kukinga matone ya mikia, watakucheka. Kumbe wewe, na mgongo wako unaouma, umeyashika maneno yale. Naambiwa mguu umekufa ganzi tangu palizi, ndara inakuvuka njiani hujui, na juzi umeteleza kwenye ngazi ya dungu ulipopanda kuamia mpunga ndege wasiule. Tabibu wa zahanati akataka kukuandikia uende hospitali ya Utete, ukamjibu, "Mie n'ende Utete kufanya nini? Mwanangu yu njiani na dawa."

Niliposoma hapo nilikaa chini na koti langu mwilini, nikalia.

Dawa sina, mama. Hapa hakuna aliye nayo. Nilikudanganya, nisamehe. Sisi bado tunauliza tu diski inaishije, na jibu lenyewe huenda likanikuta na mvi. Nilimweleza habari zako bibi mkubwa wa maabara, mwanamke mkali asiyependa maneno mengi. Akaweka kikombe chake chini. Akasema, "Mgongo unaouma unaweza kusubiri. Mguu unaokufa ganzi hausubiri. Aende hospitali wiki hii." Anahofia diski ya mgongo wako imetoka mahali pake ikabana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Yeye mwenyewe hana uhakika, kwa kuwa hajakuona. Daktari wa Utete atakuona.

Na yule jirani yetu pacha asikukanyage tena mgongo. Najua tangu utoto wetu hapo kijijini pacha ndiye mkanyaga migongo, kwa kuwa unyayo wake husemwa unaponya, na najua unapata nafuu ya jioni moja. Akinuna, mwambie mwanao ndiye aliyekataza, lawama nitazibeba mimi. Dungu nalo mwachie Mwanaidi na mumewe. Ndege wakila kidogo, wale.

Nakupenda sana, mama. Sikuwahi kukwambia hivyo tukiwa pamoja, nadhani kwa haya. Huku nakuwaza kila nikishika uti wa mgongo, hata kama ni wa ng'ombe.

Msalimie baba mdogo anayeuza mitumba Kibiti, na shangazi wa Mbwara aliyenisomea dua ya safari. Msalimie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mwambie juzuu zangu sijazisahau. Wajukuu zako wote wabusu mmoja mmoja.

Lakini salamu hizi usianze kuzigawa leo. Barua ikiisha kusomwa, jifunge kanga, Mwanaidi akushike mkono, mtafute gari. Watu wote hao utawasalimia ukitoka Utete.

Ni mimi mwanao, nisiye na dawa,

Shabani