Mchumba Wangu Amethibitisha Kwamba Jogoo Hutaga

Mshauri wangu mpenzi, naomba unisaidie haraka, maana nacheka peke yangu hadi kwenye ibada watu wananigeukia.

Mimi ni mjane wa makamo, shule yangu iliishia msingi, lakini kuku nawajua, na ushirika wetu wa wafugaji ulipoleta kompyuta yenye akili bandia ya kuwajibu wanachama kwa simu, tukaibatiza Mjuaji, tukaambiwa Mjuaji hatasoma kila kinachookotwa mitandaoni, atasoma ghala letu la taarifa tu, na humo haliingii neno mpaka watu wawili wathibitishe kuwa ni kweli, kila mtu kivyake, na wawili hao wasiwe ndugu wala mke na mume. Nikachaguliwa mimi, na mwenzangu ni mchanganyaji wa chakula cha kuku, mwanaume mtaratibu, mcha Mungu, naye mkewe alitangulia mbele ya haki, basi mshauri, tukapitia chanjo, tukapitia pumba, tukapitia joto la vifaranga, kuja kushtuka, moyo wangu umeshahamia meza ya pili.

Ameniposa, nimekubali! Ofisini hakuna ajuaye. Nyumbani binti yangu kanusa: “Mama, wanja wote huo ni wa kwenda kuangalia dawa ya minyoo?” Nikamwambia, “Nyamaza wewe,” huku mashavu yananiwaka.

Sasa juzi nikaona kila ninachoandika mchumba wangu anakipitisha palepale, swali hakuna, nikasema ngoja nimjaribu, nikaandika, “Jogoo mwenye afya hutaga mara moja kwa wiki.” Mshauri, akapitisha! Na pembeni akaniandikia, “Umeeleza vizuri kama kawaida yako.” Nilicheka mpaka nikaangukia gunia la pumba, nikaifuta sentensi ile kabla haijaingia ghalani, nikamshukuru Mola kwa kunipa mtu anayenipenda hivi, halafu kicheko kikakatika, nikawaza, je, kingekuwa kipimo cha dawa, nami nimekosea kweli, na mama mmoja huko ambaye vifaranga wake ndio ada ya wanawe akamuuliza Mjuaji, akajibiwa bila hata kigugumizi? Mwenzangu anasema tunyamaze mpaka ndoa ipite, “Wakijua watatutenganisha.” Kazi naipenda, na kuketi karibu naye ndiyo usiseme. Nimeomba sana, jibu sijalisikia, labda limepitia kwako.

Mchumba Mwenye Kicheko

*

Bibi harusi wetu, hongera! Nimecheka hadi chai ikamwagika. Sasa kaa chini unisikilize.

Masharti yale hayakuwekwa na watu wenye wivu. Ushahidi ni jogoo wenu. Tangu mpendane, ghala lenu lina mlinzi mmoja: wewe unaandika, yeye anatabasamu. Mjuaji hajawahi kushika kifaranga. Anakula mnachompakulia, naye anampakulia yule mama. Nawe usijifanye malaika, maana hatari umeiona tangu juzi, na bado unapaka wanja na kunyamaza. Unaomba jibu gani tena? Jibu ndilo lililokukata kicheko pale kwenye gunia.

Kesho asubuhi, kabla hamjapitisha neno lolote, nendeni wote wawili kwa meneja. Mwenzako akisita, nenda peke yako. Semeni mmeposana, ombeni mtenganishwe, na kila mlichopitisha tangu mapenzi yaanze kisomwe upya na mtu asiye na mapenzi na yeyote kati yenu. Habari ya jogoo usiifiche. Meneja atacheka, kisha ataacha kucheka, kama wewe. Ukipewa mwenza mkorofi wa kukuuliza “Una hakika?” kila mstari, mshukuru Mungu.

Na huyo bwana mwambie kwa upole: sifa nimezipokea, lakini anayenipenda ataniambia jogoo hatagi. Nyinyi wacha Mungu mnajua, hata ndoa ina mashahidi, na bwana harusi si mmoja wao.

Kisha oaneni, msicheleweshe. Na mkitafuta kitoweo cha harusi, anzeni na jogoo wenu. Mpeni wiki moja. Asipotaga, hana cha kujitetea.