Alama kwenye Miguu ya Amira

Molenbeek, Bruxelles
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Aïcha,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umeamka salama na goti limepunguza kuuma. Shemeji Yusufu kifua chake vipi? Watoto wa Burhani wamepona malaria? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila baridi imegoma kuondoka.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na haya si ya kila mtu. Anakuletea Fahad wa duka la vitenge. Angalia gundi, nimebandika mara mbili. Ukikuta imefunguliwa, niambie.

Uliniuliza mwanao Amira anasomea nini hasa, ukasema kama ni upuuzi utamrudisha nyumbani Buyenzi aolewe, na utashika neno langu. Bon, nikaanza kuchunguza.

Ni tiba ya sindano za Kijapani, mwaka wa tatu sasa. Za Kichina nimezisikia, hizi za Kijapani ndiyo nini? Eti ni nyembamba kama unywele, na nyingine haziingii mwilini, zinagusishwa ngozi tu. Sindano isiyochoma! Kwanza wanakushika mkono, wanasikiliza mshipa, kisha wanakupapasa tumbo. Mimi nimezaliwa Buyenzi, dada. Mtu akikushika mkono akanyamaza muda mrefu, ujue ameshajua jambo lako.

Halafu nikaona miguu yake. Alikuwa anatawadha hapa kwangu anakokaa, na chini ya magoti ana alama ndogo nyeusi, tatu huku, tatu kule, zimepangwa. Chale! Roho ilinitoka. Nilipomuuliza alicheka, akasema wanafunzi wanajichoma wenyewe ili mkono uzoee kabla ya kumgusa mgonjwa. Ni majani makavu wanayoyaita mogusa, unayasokota kama punje ya mchele, unaweka juu ya ngozi, unawasha kwa kijiti cha udi. Kwa udi! Tangu lini udi ukawashwa juu ya mwili wa mtu bure bure?

Alhamisi alipokwenda kazini nikafungua sanduku lake. Nikakuta kopo la hayo majani, laini kama pamba, na sindano zake. Sikuchukua kitu. Nilileta kombe, yale maji ya aya alizoniandikia Maalim kwa zafarani na marashi ya waridi, nikanyunyizia kila kitu, kopo ndiyo nikalizidishia, nikasoma Ayatul Kursiy, nikafunga. Siku hiyo nililala vizuri.

Jumamosi ulikuwa mtihani wake wa mwisho. Kila mwanafunzi alete mtu mzima wa kwake, amtibu mbele ya mwalimu. Amira aliniomba mimi, nikakubali upesi, maana nilitaka kupeleleza. Shule iko Saint-Gilles, ghorofa ya juu kabisa, ngazi za kuua mtu. Mwalimu ni mama wa Kijapani asiyeona. Hivyo wanasema. Nilimpungia mkono mbele ya uso, hakutikisika, lakini sikumwamini.

Nikalala. Amira akanishika mkono, vidole vimetulia, na kusema kweli sijashikwa hivyo tangu mama yetu afariki. Nikakasirika, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Alipofungua kopo, majani yalikuwa yameshikana, hayasokoteki wala hayawaki. Mwalimu akainama akanusa, akauliza nani ameyamwagia waridi. Dada, nilitamani kitanda kinimeze. Amira alinitazama, nikajua amejua. Kisha akamgeukia mwalimu.

“Ni mimi, madame. Nilimwaga marashi, sikuangalia.”

Mwalimu akamwambia asiyeweza kutunza mogusa yake hawezi kutunza mgonjwa, arudi mwezi wa tisa. Na mimi nikanyamaza. Mtu mzima na mvi zangu, nimelala pale miguu wazi, nikanyamaza. Kwenye tramu mtoto hakunilaumu hata kidogo. Alinifunika magoti na koti lake.

Basi jibu lako ni hilo. Ulitaka kujua kama amepotea. Mtoto aliyenisitiri mbele ya wageni, na mimi ndiye niliyemharibia, hajapotea. Usimrudishe. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi.

Leo nikishampa Fahad barua hii, nakwenda moja kwa moja kupanda zile ngazi nikaseme ukweli. Yule mama bado simwamini. Lakini nadhani hatashangaa. Jumamosi alipotuaga hakumshika Amira mkono, alinishika mimi, akasikiliza mshipa, akanyamaza muda mrefu.

Nisalimie shemeji, Burhani na watoto, na bibi Tausi jirani, ila yeye usimsomee. Mungu akupe afya, na akuwekee huyu mtoto uje ushikwe mkono naye.

Mdogo wako akupendaye, mwenye aibu yake,
Mwanakombo