Tumbo la Bomba la Shaba

Newburg, Louisville
18 Januari 2015

Mjukuu wangu Rugamba,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Huko Columbus kifua kimepona, ama bado unatembea kwenye baridi bila kofia kama mtu asiye na kwao? Mimi niko. Magoti yanalia, lakini mdomo ni mzima, utausikia sasa hivi.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Kwenye simu unanichekesha mpaka nasahau hasira.

Cyubahiro, mtoto wa shangazi yako, alilala kwako wakati wa Noeli. Amerudi na habari. Anasema mezani kwako kuna mabomba ya shaba yaliyokunjwa, kuna gesi ya kuchomelea, kuna kipimajoto, na mtu akiingia unafunika kwa taulo. Rugamba, nimezeeka, sijapumbaa. Kule kwetu Minembwe tulijua kazi ya bomba la shaba lililokunjwa. Ni kupika kanyanga. Jirani yetu Mukabutera alitolewa kanisani kwa pombe hiyo, na bomba lake lilikuwa fupi kuliko hayo yako.

Na umechagua wakati mzuri kweli! Rutebuka wa Buffalo amenipigia. Kabla ya kukupa binti yake Gaju, anataka nisimame mbele ya wazee wake niseme: huyu mtoto namjua. Baba yako hayupo tena, donc ni mimi. Nitasema nini? Namjua, anapika?

Niambie, na usinizungushe.

Nyogokuru wako, mama wa baba yako


Columbus
30 Januari 2015

Nyogokuru mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kimepona na kofia ninavaa. Magoti uyapake ile dawa niliyoleta, usimgawie jirani.

Hakuna pombe. Ninatengeneza kipoza cha kompyuta, nimekichora mwenyewe. Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo kama biskuti, ndicho kinachofikiri, kinaitwa prosesa. Kikifikiri sana kinapata moto, na kisipopozwa kompyuta inazimika. Basi juu yake ninaweka kibao cha shaba, na katikati dawa nyeupe kama ya meno ili vishikane vizuri. Kwenye kibao yanapanda mabomba. Ndani ya kila bomba nimeweka maji kidogo sana, nikatoa hewa, nikaziba. Moto wa prosesa unachemsha maji, mvuke unapanda mpaka kwenye mabati membamba ambako feni inapuliza, unapoa, unakuwa maji tena, yanarudi chini kupitia unga wa shaba nilioupaka ndani.

Nafunika kwa sababu ya vumbi. Mwisho wa Machi nitakionyesha kwa karakana moja hapa inayotafuta mtu wa kazi hii. Nakuomba, mwambie mzee Rutebuka ndiyo.

Mjukuu wako Rugamba


Newburg
9 Februari 2015

Rugamba,

Umeamkaje? Mimi vibaya, na ni wewe.

Maji yanachemka, mvuke unapanda ndani ya shaba, unapoa, unateremka. Wewe mtoto! Umenielezea kanyanga kuanzia moto mpaka tone, halafu unasema hakuna pombe. Hata Mukabutera hakueleza vizuri hivyo mbele ya wachungaji.

Na kama ni maji tu, umeyafungia ya nini? Maji ni mwizi? Mtu hazibi bomba ncha zote mbili kama hana la kuficha.

Rutebuka amepiga tena. Nimemwambia nina mafua, sauti haitoki. Mimi, kudanganya mafua kwa ajili yako! Sitaweka jina langu juu ya bomba nisilojua tumbo lake. Lilete nilione.

Nyogokuru


Columbus
2 Machi 2015

Nyogokuru,

Natumaini u mzima, na sauti imerudi.

Kazini hawanipi ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo nimekituma kwa posta. Ndicho hicho, sina kingine. Ukitaka kujua tumbo la bomba, kata. Lakini ujue, hewa ikiingia bomba limekufa, hata mimi siwezi kulifufua. Usikate ukiwa na hasira.

Gaju ananiuliza kwa nini kwetu kumekuwa kimya. Namwambia avumilie.

Mjukuu wako


Buffalo, nyumbani kwa Rutebuka
7 Aprili 2015

Mjukuu wangu,

U mzima? Huku theluji bado imelala barabarani, na watu wa mtaa huu wanavaa viatu vya wazi wakisema baridi imekwisha. Wana wazimu.

Nilikata. Niliazima msumeno wa chuma kwa fundi wa jengo letu. Bomba la kwanza nikanusa, hakuna kitu. Nikasema, mjanja huyu ameficha kwenye la pili. Nikayakata yote. Ndani ni unga wa shaba ulioganda kwenye kuta za bomba na unyevu usiojaza hata jicho la kuku. Nikaulamba. Maji.

Ndiyo maana sikuandika. Nilipanda basi nikaja huku. Wazee walipokaa nikasema, "Huyu mtoto namjua, si mpikaji."

Rutebuka akashangaa. "Mpikaji wa nini, Mama? Na umejuaje?"

Nikamwaga vipande mezani. Akavigeuza kimoja kimoja.

"Hii ni ile kazi ya kuonyesha kwenye karakana? Gaju alitueleza."

"Ndiyo hiyo."

"Alijua utaikata?"

"Alisema nikate."

Gaju alitoka jikoni, mwiko mkononi, akaniangalia jinsi ambavyo hakuna msichana aliyewahi kuniangalia tangu nizaliwe. Kisha Rutebuka akasema, "Bon, Mama, kaa. Ushuhuda wako hatuuhitaji tena. Kijana amejisemea."

Hauhitajiki! Nimepanda basi siku nzima na magoti haya, neno langu halihitajiki! Nikamwambia nitalisema hata hivyo. Nikasimama nikalisema lote, tangu ulipozaliwa, na hakuna aliyethubutu kunikatiza. Gaju alilia. Rutebuka pia, lakini alisema ni pilipili.

Njoo uwasalimie wakwe zako. Halafu tafuta shaba nyingine, uje uikunjie Newburg, mezani kwangu. Mimi nitakaa karibu nione ukiweka hayo maji. Sijasema sikuamini. Nimesema nitaangalia.

Nyogokuru wako